Koti la Mifuko Kumi na Minne

Kwa miaka kama kumi hivi vijana wa Mbeya walivaa suruali za jinzi za kubana ambazo sisi wauza mitumba tuliziita modo. Ili kuvaa modo, kijana alilala chali kitandani akaivuta mguuni kama soksi, na ili kuivua alihitaji ndugu. Niliziuza nyingi. Kisha, bila tangazo lolote, wateja wakaanza kufika mezani kwangu katika soko la Soweto, pale pale Mbeya, wanashika modo, wanaitazama kwa huruma, wanairudisha. Walitaka pana. Walitaka suruali ambayo ukivaa upepo unapita, na pindo linafagia barabara.

Mimi suruali pana nilizivaa nikiwa kidato cha tatu, Iringa. Tuliziita bagi. Mwalimu wetu wa nidhamu alisimama getini na rula na mkasi, na mguu wa suruali ukizidi inchi tisa, ulikatwa hapo hapo, nawe ukaingia darasani na pindo lenye nyuzi kama mkia wa mbuzi. Marehemu baba naye alikuwa akinisimulia kwamba enzi za ujana wake walipimwa kwa chupa ya soda: chupa isipopita mguuni, suruali inabana, inachanwa. Kwa hiyo katika ukoo wetu yupo aliyechaniwa suruali kwa sababu inabana na yupo aliyekatiwa kwa sababu inapwaya, na wote wawili tuliambiwa kwamba taifa linaharibika.

Modo zilizokufa nilibaki nazo magunia matatu. Niliyaweka kwa dada yangu mkubwa, Soweto, kwa sababu mimi sina mahali. Nimepanga Makambako, nimepanga Mafinga, nimewahi kupanga chumba Igawa ambamo nililala siku nne. Nikikaa mahali miezi mitatu naanza kusikia magari ya barabara kuu yakiita. Dada yangu huyo ndiye aliyemlea binti yangu tangu akiwa na miaka saba, mama yake alipoolewa kwingine. Mimi nilikuwa baba wa kuja na mkate na kuondoka kabla haujaisha.

Binti yangu sasa ana miaka ishirini. Alimaliza kidato cha nne, na tangu hapo amekuwa mtu wa kufumua nguo na kuzishona upya kwenye cherehani ya shangazi yake. Anavaa shati la mtu mnene, suruali ya mtu mrefu na kofia ya mzula hata jua likiwaka. Dada yangu, ambaye ni mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, alishaacha kumuuliza. Alibaki kumwangalia tu asubuhi, kama mtu anayetazama mawingu na kuamua kama ataanika.

Alichokuwa anakitaka binti yangu kilikuwa Iringa. Huko kuna mama mmoja fundi, anayeshona nguo za vijana ambazo watu wanazitazama kwenye simu zao hadi Dar es Salaam. Kila mwaka anachukua wanafunzi wawili wa kukaa naye. Haangalii vyeti. Kila anayeomba anapeleka nguo moja aliyoishona mwenyewe mwanzo hadi mwisho, siku moja, Jumamosi moja, na fundi anaamua hapo hapo. Mwaka uliopita binti yangu alipeleka gauni la kitenge. Fundi aliligeuza ndani na nje, akasema limeshonwa vizuri sana na tayari ameshaliona mara elfu moja. Mtu anaruhusiwa kujaribu mara mbili. Hiyo ya pili ilikuwa mwezi wa sita, na dada yangu alishapanga kila kitu: binti akikosa, Jumatatu inayofuata anaanza kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mwenzake wa kwaya, upande wa misumari na rangi.

Safari hii hakushona gauni. Alichukua modo saba kutoka kwenye magunia yangu, akazifumua zote, akatengeneza koti. Lilikuwa refu hadi magotini na pana kama hema. Kola ilikuwa viuno vya suruali vilivyounganishwa. Modo saba zina mifuko ya nyuma kumi na minne, na hakuutupa hata mmoja: minne mbele, miwili kila mkono, na sita mgongoni, imepangwa kwa safu mbili. Ilimchukua miezi miwili.

Dada yangu alilitazama likiwa limetundikwa kwenye msumari wa ukumbini.

"Hilo ni koti au kabati?"

"Koti, shangazi."

"Mbona lina droo?"

"Ndiyo mtindo."

"Na za mgongoni utafunguaje?"

Binti yangu alisema za mgongoni ni za urembo. Dada yangu alisema alifikiri urembo ni hereni.

Sasa nieleze kosa langu. Ni kosa ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulifanya, maana kwao baridi haipo.

Jumanne mimi huuza kwenye mnada wa ng'ombe wa huko Igawa. Mwezi wa sita, alfajiri, Mbeya unatoka nyumbani ukiwa umevaa kila ulichonacho, na moshi wa pumzi unakutangulia. Ukishuka, ukifika tambarare ya Usangu, baridi inakatika kama imezimwa. Saa nne asubuhi kule Igawa unatoka jasho. Hivyo kila mtu wa milimani anayeshuka mnadani huanza siku kwa kuvaa na kuiendeleza kwa kuvua, na mara nyingi hurudi nyumbani akiwa amesahau kitu juu ya gunia la mtu.

Jumanne ya wiki ile ile ya kwenda kwa fundi niliamka kukiwa na giza bado. Ukumbi wa dada yangu umejaa misumari, na kwenye kila msumari kuna nguo, na kwa miaka mingi nguo zile zote zilikuwa mzigo wangu. Nilipapasa, nikachukua iliyo nzito, nikavaa. Nililitambua koti nikiwa tayari juu ya lori la marobota, jua linachomoza. Nilijisemea nitalitunza. Saa nne nikalivua. Nikalitundika mahali salama, na kwa muuza mitumba mahali salama pa koti ni kwenye kamba, pamoja na makoti mengine.

Kisha nikaenda kunywa chai.

Mnadani tuna desturi yetu. Ukiondoka, jirani anakuangalizia meza, na kuangalizia maana yake ni kuuza. Jirani asiyekuuzia huonekana ana roho mbaya. Jirani yangu ni mama mmoja wa sufuria, mwenye sauti ya kuwafikia ng'ombe wa mwisho. Niliporudi alikuwa ananisubiri amesimama.

"Baba wa mitumba, leo utanikumbuka. Nimekuuzia."

"Ahsante mama. Umeuza nini?"

"Lile koti la mifuko. Hakuomba hata kupunguziwa. Aliuliza tu kama mifuko yote ni mizima."

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa furaha. Bei aliyoitaja mimi nisingethubutu kuitaja. Furaha ile ilidumu muda wa kumeza mate.

Niliuliza aliyenunua ni nani. Mama wa sufuria alisema kijana wa ng'ombe, mwenye soksi za njano. Nilizunguka mnada mzima hadi ng'ombe wa mwisho alipoondoka, nikitazama miguu ya watu. Soksi za njano hazikuwepo.

Nilifika Soweto jioni. Binti yangu alikuwa jikoni anakoroga mboga.

"Baba, koti langu liko wapi?"

"Liko Igawa."

"Linafanya nini Igawa?"

"Limeuzwa."

Aliendelea kukoroga. "Na nani?"

"Na mama wa sufuria."

Dada yangu, aliyekuwa anachambua mchele, aliweka ungo chini. Alisema ameishi na mimi tangu nazaliwa na alifikiri ameshaona yote. Alianza kuyataja yale aliyoyaona, kwa mpangilio. Binti yangu hakumsikiliza. Alifunika sufuria.

"Aliyenunua alilipenda?"

"Hakuomba kupunguziwa."

"Kesho tunaenda."

"Kesho nina mzigo wa kufungua."

"Baba."

"Kesho tunaenda," nilisema.

Hapa niseme kidogo juu ya vijana wa ng'ombe. Familia zao zilihamia Usangu kutoka Usukumani na mifugo yao, na wengi wa vijana wamezaliwa huku huku. Siku ya mnada wanavaa vizuri kuliko mtu yeyote kwenye barabara kuu kuanzia Tunduma hadi Iringa: shati linalong'aa, kofia yenye ushanga, miwani ya kioo, soksi ndefu zilizovutwa hadi magotini, gambuti za mvua wakati wa kiangazi. Vijana wa mjini waliwacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na fungu langu kwenye robota, lile ambalo mjini halivaliki, na nilipolitenga nilisema, "Hili la mnadani." Miaka miwili baadaye wateja wangu wa Soweto wakaja kuulizia soksi ndefu za rangi. Mwaka uliofuata wakaulizia gambuti. Sikuwaambia kitu. Nilipandisha bei.

Jumatano mama wa sufuria hakuwepo, lakini mtu wa soksi za njano alijulikana. Muuza magadi alituelekeza: fuata mfereji, pita mashamba ya mpunga, utaona ng'ombe weupe. Tulitembea saa nzima. Binti yangu alitangulia na sikumsemesha.

Tuliwaona ng'ombe kwanza, kisha koti. Kijana alikuwa amesimama kwenye tuta, fimbo mkononi, kofia, miwani, soksi za njano, na koti limeanguka vizuri kwenye mabega yake, wazi kwa mbele. Alikuwa mrefu. Binti yangu alisimama. Kwa miezi miwili alikuwa ameliona koti lile likivaliwa na kiti tu.

"Shikamoo mzee," alisema kijana.

"Marahaba. Nimekuja kuhusu koti."

"Ni zuri."

"Liliuzwa kwa makosa."

"Makosa ya nani?"

"Yangu."

"Basi pole, mzee."

Nilitoa pesa yake na nyongeza juu. Hakuitazama. Alisema mnadani kuna sheria, na mimi nimeuza pale miaka mingi kwa hiyo ninaijua. Ng'ombe akishauzwa mbele ya watu na kupigwa alama, amekwenda. Hata kama ni ng'ombe wa mamako. Hata kama mwenyewe alikuwa amelala, akauziwa na ndugu. Harudi.

"Hilo si ng'ombe," nilisema.

"Lilikuwa mnadani."

Sheria hiyo mimi mwenyewe huwasomea wanaorudisha suruali.

Binti yangu akasogea. "Unaniruhusu nilione?"

"Ona. Macho hayanunui."

"Geuka."

Aligeuka. Mgongo wa koti ulikuwa umeloa kuanzia mabegani hadi kiunoni, na una madoa meupe.

"Hii nini?"

"Mate."

"Mate ya nani?"

Kijana alionyesha kwa kidevu. Nyuma yake walisimama ndama watatu, wametulia, wanamtazama mgongo kama watu wanaosubiri duka lifunguliwe.

"Hii mifuko ya mgongoni," alisema, "aliyeiweka ama ana akili nyingi sana ama hana kabisa."

"Ni mimi."

"Basi kwa neno moja kati ya hayo mawili nisamehe."

"Lipi?"

Alifikiri. "Nitakwambia." Kisha akaeleza. Alipolinunua hakujua mifuko ile aifanyie nini, maana mkono haufiki, na kitu ukikiweka nyuma unamwekea mwizi. Akatia chumvi. Ndama wanapenda chumvi. "Zamani nilikuwa nakaa nyuma yao nachapa hadi jioni. Sasa natembea tu, wananifuata. Tangu jana sijanyanyua fimbo."

Binti yangu alivua mzula. Sijawahi kumwona akivua mzula mchana. Alilizunguka koti likiwa mwilini mwa kijana, akaliinua pindo, akavuta mkono.

"Lina kasoro gani?"

"Halina."

"Usinidanganye. Umelivaa siku mbili."

Kijana alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kumsema mtoto wa mtu. Nikainua mabega. Akavua miwani.

"Kola inakwaruza. Jua likipanda na jasho likitoka, ni kama kubeba kuni shingoni. Mikono, hii mifuko yake inagonga fimbo kila nikinyoosha. Na vifungo. Vinataka mikono miwili. Mimi nina mkono mmoja tu, mwingine una fimbo."

Binti yangu aliandika kwenye simu. "Kingine?"

"Kingine ni kizuri. Huu mfuko dawa, huu tochi, huu simu, huu muhindi."

"Na soksi hizo kwa nini za njano?"

"Ndefu kwa ajili ya miiba. Njano kwa ajili ya mama. Akitazama kutoka nyumbani anaona njano inatembea, anajua nipo."

"Mjini wanavaa hizo siku hizi," alisema binti yangu.

"Wana miiba?"

"Hawana."

"Wana nini?"

Binti yangu alisema bado hajajua.

Alimpiga picha tatu, moja ya mgongo. Kijana alivaa miwani tena, akaifuta, akasimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kisha akauliza kama anaweza kushonewa kitanzi begani cha kuning'inizia mwavuli. Binti yangu alikuwa na sindano na uzi chini ya kola ya shati lake, kama kawaida yake. Alishona palepale, kijana amechuchumaa, ndama mmoja akiendelea kulamba. Sikuongea tena habari ya kurudishiwa. Nilikuwa nimekuja na pesa mfukoni na hotuba kichwani, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Tulipofika barabara kuu nilimwambia kwamba ningeweza kurudi peke yangu, nikaongea na wazazi wa kijana, wazee kwa wazee.

"Usirudi."

"Jumamosi utapeleka nini?"

"Modo zimebaki ngapi?"

"Magunia matatu, kasoro saba."

Hiyo ilikuwa Jumatano jioni. Alhamisi na Ijumaa asubuhi nyumba ya dada yangu iligeuka karakana. Dada yangu alisema hakubaliani na jambo lolote katika hili, akachukua wembe, akafumua kwa kasi kuliko sisi wote. Mimi nilipewa kazi ya kuchomoa nyuzi. Nilipojaribu kushika mkasi, wote wawili waliniangalia, nikaurudisha mezani. Koti la pili lilikuwa na mifuko kumi, na mikononi hapakuwa na hata mmoja. Badala ya vifungo kulikuwa na kulabu kubwa moja kifuani, unaifungua kwa kidole gumba. Nyuma aliweka mifuko miwili tu, chini kabisa, mmoja kila upande, pale ambapo mkono ukirudi nyuma unaufikia. Kola ilikuwa bado ya viuno vya suruali. Alitaka kuipa bitana laini, muda ukaisha.

Ijumaa jioni tulikuwa Iringa. Binti yangu alibaki chumbani gesti anapiga pasi, na mimi nilitoka kutembea, maana ni mji wangu wa ujana na miguu inaujua. Upepo ulikuwa uleule. Kwenye ngazi za duka moja, mahali ambapo sisi tulikuwa tunakaa, walikaa vijana wanne. Suruali zao zilikuwa pana, zimefunika viatu, na walikaa kama tulivyokaa, miguu imenyooshwa ili jinzi ionekane urefu wake. Nilisimama kidogo zaidi ya inavyofaa.

"Mzee, unatafuta mtu?" mmoja aliuliza.

"Natazama suruali."

"Umeipenda?"

"Niliwahi kuwa nayo."

Walicheka. "Mzee acha hizo. Hizi zimetoka mwaka huu."

Nikasema sawa. Nikaendelea kutembea. Ingekuwa mwaka mwingine ningeendelea hadi stendi.

Jumamosi, kwa fundi. Karakana yake ni chumba kirefu chenye cherehani sita na dirisha linalotazama mawe ya mlimani. Waombaji walikuwa saba, kila mmoja na mzazi au dada, na nguo imefungwa kwenye mfuko. Fundi ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na khanga kiunoni juu ya suruali. Alitusalimia wazazi kwa Kihehe, "Kamwene," na baada ya hapo hakutuangalia tena.

Alikuwa na swali moja kwa kila mtu. Alishika nguo, akaigeuza, akauliza: "Hii imevaliwa na nani?"

Msichana wa kwanza alikuwa na gauni la jioni lenye mkia. Alisema amelivaa yeye, kupiga picha. Fundi alisema asante. Wa pili, kijana mwenye suti ya kitenge, alisema haijavaliwa kabisa, ni mpya. Fundi alisema asante. Walikuwa wanashona vizuri kuliko binti yangu, hilo hata mimi niliona. Mishono yao ilinyooka kama reli.

Zamu ikafika. Fundi aliweka koti mezani.

"Nilikuona mwaka jana. Kitenge."

"Ndiyo, mama."

"Hii imevaliwa na nani?"

"Hii haijavaliwa. Ni ya pili. Ya kwanza imevaliwa na mchunga ng'ombe."

Fundi alisukuma miwani juu.

"Kwa muda gani?"

"Siku mbili nilipomwona. Bado anaivaa."

"Alisema nini?"

Binti yangu alifungua simu, akasoma: kola, mikono, vifungo. Kisha akaonyesha picha. Fundi alizitazama muda mrefu, akaikuza ile ya mgongo.

"Hapa pameloa nini?"

"Ndama wamelamba. Anaweka chumvi."

"Kwenye mifuko yako."

"Niliiweka ya urembo, mama. Haikuwa na kazi. Kazi ameipa yeye."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Fundi alilivaa koti lile juu ya khanga. Lilimfika karibu na vifundo vya miguu. Akatia mkasi mfuko wa kushoto, chaki mfuko wa kulia, futi ya kupimia mfuko wa juu. Akafungua kulabu kwa kidole gumba, akaifunga, akaifungua. Akainama, akanyanyua jora la kitambaa, akaliweka juu ya rafu, mikono imenyooka. Akarudi.

"Kola bado inakwaruza."

"Najua. Nilikosa muda."

"Ulikuwa na mwaka mzima. Kwa nini ulikosa muda?"

Binti yangu alitazama sakafu, na nilielewa kwamba anaweza kuendelea kuitazama hadi fundi amwambie asante, nafasi ikaenda, na Jumatatu akawa kwenye misumari na rangi, bila kunitaja.

"Ni mimi," nilisema. "La kwanza niliuza."

Fundi aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona tangu salamu.

"Wewe ni nani?"

"Baba yake."

"Umeuza koti la mwanao."

"Ndiyo."

"Wiki ya mwisho."

"Jumanne. Jirani ndiye aliyeliuza, ila nililitundika mimi."

"Mnunuzi aliomba kupunguziwa?"

"Hapana."

Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la kitaalamu. Alivua koti, akatoa mkasi, chaki na futi, akaviweka mezani kimoja kimoja. Akamwambia binti yangu kwamba kola aifumue yote, aanze upya, aiweke bitana ya pamba, na aifanye kazi hiyo kwenye ile cherehani ya dirishani kwa sababu ile nyingine inaruka mshono.

Binti yangu aliuliza lini.

"Jumatatu saa mbili asubuhi. Uje na shuka zako, hapa usiku ni baridi." Kisha, bila kupandisha sauti: "Na uje peke yako."

Wazazi wengine walinitazama. Nilisema ahsante.

Tulitoka nje. Upepo ulikuwa mkali na jua kali, kama Iringa ilivyo. Binti yangu alikuwa amekunja koti mara nne na amelipakata kifuani kwa mikono yote miwili. Tuliteremka kuelekea stendi bila haraka. Alimpigia shangazi yake. Nilisikia kelele za furaha upande wa pili, kisha sauti ikiuliza kuhusu shuka, kisha ikiuliza kuhusu mimi. Binti yangu alisema nipo, natembea naye.

Barabara ilikuwa na mawe na yeye alikuwa na begi pia mgongoni. Nilinyoosha mkono.

"Nikubebee koti."

Alilitazama koti, akanitazama, akafikiri kwa adabu kabisa, kama mtu anayelipima ombi.

"Hapana, baba," alisema, na akanipa begi.